Sura ya Tano: Habari Hii ni ya Nani?

"Mchungaji, na sisi tufungue ukurasa wa Facebook, au mambo hayo tuwaachie watu wa Arusha?"

Swali hili halikosi kwenye vikao vya wazee wa kanisa na halmashauri za parokia, Babati mjini na kwingineko. Kwaya inataka nyimbo zake ziende YouTube. Mweka hazina anataka namba ya sadaka iwekwe WhatsApp. Mzee mmoja anakumbusha matusi aliyoyaona kwenye simu ya mjukuu wake, na kikao kinaisogeza ajenda hadi robo ijayo.

Ajenda inapoendelea kusogezwa, kanisa limeshaingia mtandaoni siku nyingi. Jumapili saa nne asubuhi mtu wa benchi la tatu anarekodi mahubiri na kuyaweka kwenye status yake. Binti wa kwaya anawapiga picha watoto wa shule ya Jumapili na kuzirusha kabla ibada haijafungwa. Kundi la jumuiya lina watu zaidi ya mia, na aliyelianzisha alishahamia Dodoma. Hakuna kikao kilichoamua lolote kati ya hayo. Yametokea tu, kwa sababu simu zipo na watu wanapenda kanisa lao.

Kwa hiyo swali la kufungua au kutofungua limepitwa na wakati. Mimi ningeomba kila kanisa lijizoeze swali lingine, fupi, la kujiuliza kabla kidole hakijabonyeza kitufe cha kutuma: habari hii ni ya nani? Tangazo la mkutano wa injili ni la wote. Ugonjwa wa mama wa jumuiya ni wake. Kiasi alichotoa mtu kwenye harambee ni chake na Mungu wake. Tukijua mwenye habari, mengi ya mitandao ya kijamii, yaani huduma kama WhatsApp, Facebook, YouTube, TikTok na Instagram ambazo kila mtumiaji ni msomaji na pia mtangazaji, yanakuwa mepesi kuamua.

Kazi hii kanisa linaijua

Tusidhani kanisa ni mgeni wa vyombo vya habari. Gazeti la Msimulizi lilianza kuchapwa Zanzibar mwaka 1888 na misheni ya Kianglikana ya UMCA, likibeba habari za vituo vya misheni kwa Kiswahili. Mwaka 1963 Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha Redio Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vikawa vinarekodiwa Moshi. Baadaye Tanzania ikapata Redio Tumaini ya Dar es Salaam, kisha Redio Maria; na huku kwetu Manyara, Jimbo Katoliki la Mbulu lina Redio Habari Njema.

Vyombo hivyo vyote vilikuwa na kitu ambacho kundi la WhatsApp halina: mhariri. Palikuwa na mtu mwenye kazi ya kusoma kabla ya watu kusoma, kuuliza "umeyatoa wapi haya?" na kusema "hili halitoki". Kanisa likinunua kamera ya milioni mbili bila kumteua mtu wa kuuliza maswali hayo, limenunua matatizo. Mtu huyo hahitaji diploma ya uandishi. Anahitaji busara na ulimi mzito, na kibali cha uongozi cha kufuta. Wakiwa wawili au watatu, mmoja wao mama na mmoja kijana, ni bora zaidi.

Kila chombo na kazi yake

Makanisa mengi hutumia kundi la WhatsApp kwa kila kitu, na hapo ndipo vurugu huanzia. Kundi ni chumba ambamo kila aliyemo anaweza kusema na kila mmoja anaiona namba ya simu ya mwenzake. Linaweza kubeba hadi watu 1,024. Msichana wa miaka kumi na sita akiingizwa humo, namba yake imeshafika kwa wanaume mia tano asiowajua. Kwa hiyo kundi linawafaa watu wanaojuana: jumuiya ndogo ndogo, kamati ya ujenzi, sauti ya tatu ya kwaya.

Kwa matangazo ya usharika au parokia nzima kuna njia mbili zinazofaa zaidi. Ya kwanza ni kubadilisha mpangilio wa kundi ili admini peke yao, yaani wale wenye mamlaka ya kulisimamia, ndio waweze kuandika. Ya pili ni chaneli, ambayo WhatsApp ilianza kuisambaza duniani mwaka 2023: kanisa linatangaza, watu wanafuata, na wafuasi hawaonani namba. Ratiba ya ibada, siku ya kipaimara, msiba, usafi wa makaburi, vyote vinaenea vizuri humo.

Ukurasa wa Facebook ni wa mtu wa nje. Ni wa yule dereva wa lori aliyelala Babati akielekea Singida na anatafuta ibada ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au mwalimu aliyepangiwa kazi Nangara juzi na hamjui mtu. Huyo hahitaji picha arobaini za harusi. Anahitaji saa za ibada, lugha, namba ya ofisi, na maelekezo ambayo hata bodaboda atayaelewa. Nashangaa ni kurasa ngapi za makanisa zina mahubiri ya miaka mitatu na hazina saa ya ibada.

*Kwa kifupi:* kundi ni la wanaojuana, chaneli ni ya matangazo, ukurasa ni wa mgeni.

"Tuombe kwa ajili ya mama yetu"

Hapa ndipo watu wengi huumizana bila kukusudia, na ndipo ningependa tukae kidogo.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Maisaka analazwa hospitali. Jirani yake, kwa upendo kabisa, anaandika kwenye kundi la jumuiya: jina kamili, wodi, ugonjwa, na maneno "hali ni mbaya, tuombe". Watu kumi wanajibu "Amina". Mmoja anaifowadi, yaani anaipeleka mbele kama ilivyo, kwenye kundi la kikoba. Kikoba kina mwanamke anayemdai mgonjwa. Ujumbe unafika kwa mwajiri, kwa mkwe aliyeko Mwanza, na kwa binti wa mgonjwa aliye bwenini akisubiri mtihani wa kidato cha nne, ambaye familia ilikuwa imepanga kumwambia taratibu. Mama anatoka wodini siku nane baadaye na kukuta mji unajua jambo ambalo yeye hakumwambia mtu.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika mlolongo huo. Kilichokosekana ni swali moja kwa mgonjwa: "Mama, tukuombee kwa jina au bila jina? Na tuwaambie akina nani?" Wapo watakaosema waambieni wote, na ni haki yao. Wapo watakaosema mwambie katekista peke yake. Mgonjwa akiwa hajiwezi, anaulizwa mume, mke au mtoto mkubwa. Na ujumbe wenyewe unaweza kuandikwa hivi:

"Bwana asifiwe. Mmoja wa jumuiya yetu ni mgonjwa na familia inaomba sala. Watakaopenda kusaidia chakula au zamu ya kulala hospitali, wawasiliane na mama mwenyekiti wa jumuiya kwa simu, si hapa kundini."

Maombi yamepatikana, chakula kimepatikana, na siri imebaki kwa mwenyewe. Tena msaada unaongezeka, maana anayepiga simu ameshakusudia kutoa, tofauti na anayebonyeza "Amina" akiwa kwenye daladala.

Siku hizi jambo hili lina sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziita baadhi ya taarifa kuwa nyeti, yaani zinazohitaji uangalizi wa pekee: afya ya mtu, imani yake ya dini, taarifa za watoto na miamala yake ya fedha zimo. Ukiitazama orodha hiyo utaona karibu kila daftari la kanisa limeguswa. Rejista ya ubatizo ina mtoto na imani, na kitabu cha zaka kina fedha. Serikali imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kusimamia sheria hiyo. Nisingependa hata hivyo kanisa litunze siri kwa kuogopa Tume. Padre anayeungamisha na mchungaji anayeshauri wanandoa walikuwa wakitunza siri kabla bunge lolote halijatunga kitu.

Vivyo hivyo kwa ugomvi. Injili ya Mathayo, sura ya 18, imeweka utaratibu wa kumrudi ndugu aliyekosa: kwanza ninyi wawili peke yenu, kisha na shahidi mmoja au wawili, na mwisho kanisa. Kundi la WhatsApp hupindua ngazi hiyo juu chini, likaanza na kanisa zima saa tano usiku. Admini mwenye busara akiona maneno mawili makali anafunga kundi hadi asubuhi na kuwapigia simu wahusika, kila mmoja kwa wakati wake.

Sadaka, majina na matapeli

Orodha ya waliochangia ujenzi, ikiwa na majina na kiasi, ni kitu cha kawaida kwenye makundi. "Baba fulani 200,000, mama fulani 50,000, fulani ahadi." Naelewa faida yake: watu wanaona fedha imepokelewa, na wengine wanahamasika. Lakini muuza mboga wa soko la Babati aliyetoa 2,000 kutoka kwenye mtaji wake anajisoma chini kabisa ya orodha, na mwezi ujao anaona afadhali kunyamaza. Mathayo 6 inazungumzia sadaka ya sirini kwa maneno mazito kiasi kwamba nashindwa kuelewa tunavyoweza kuirusha orodha hiyo kwa watu mia tatu. Mtoaji apate risiti yake kwa ujumbe wa faragha. Kundi lipate jumla: tumepokea kiasi hiki, tumenunua mabati haya, imebaki hii. Hesabu za jumla ni mali ya washarika wote na zitangazwe bila kubakiza. Majina yana wenyewe.

Sasa matapeli. Kila Mtanzania ameshapokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Toleo lake la kanisani ni kali zaidi kwa sababu linavaa kanzu: mtu anateka akaunti ya WhatsApp ya mchungaji, au anatumia picha yake kwenye namba nyingine, anawaandikia waumini kwamba kuna mgonjwa wa dharura na fedha zitumwe upesi. Wazee wanatuma, kwa sababu nani atamkatalia mchungaji?

Kinga yake si ngumu, na hii ningeiandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa kanisa:

1. Kanisa lipokee fedha kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Kabla hujaweka namba ya siri, jina linatokea kwenye simu. Likitokea jina la mtu binafsi, acha.
2. Namba za sadaka hazibadilishwi kwa ujumbe wa simu. Zikibadilika, zitatangazwa ibadani, mbele ya watu.
3. Mchungaji, padre au mwinjilisti hataomba fedha ya dharura kwa WhatsApp. Ukiombwa, mpigie usikie sauti yake.
4. Kila kiongozi awashe uhakiki wa hatua mbili kwenye WhatsApp, yaani namba ya siri ya ziada ambayo mtu akiiba akaunti yako ataulizwa. Wala asimpe mtu yeyote tarakimu anazotumiwa kwa SMS.
5. Namba ya tapeli itumwe kwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia 15040. Na piga *106# mara kwa mara kuona kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako usizozijua.

Watoto

Hapa sitarefusha. Picha ya mtoto isiwekwe hadharani bila mzazi kukubali. Isiambatane na jina lake kamili wala jina la shule yake. Mtoto anayesaidiwa ada au sare na kanisa asipigwe picha akipokea. Atakua, ataiona, na darasa lake limeshaiona.

Bando la mama wa Bonga

Kanisa la mjini likipata kamera, jambo la kwanza linalotamani ni matangazo mubashara, yaani ibada inayoonekana saa ileile inapofanyika. Ni jambo jema kwa mgonjwa wa kitandani na kwa mtoto wa Babati aliyeko Muscat au Dallas. Lakini tupige hesabu. Ibada ya saa mbili kwa video ya ubora wa kawaida inaweza kula karibu GB moja, yaani MB 1,024. Aprili 2021 TCRA iliweka bei ya bando iwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB. Kwa kipimo hicho, kuitazama ibada hiyo hadi mwisho ni shilingi elfu mbili kwa uchache, na yaweza kupita elfu tisa. Mama wa Bonga anayeuza mahindi mabichi hawezi kulipa hiyo kila Jumapili, na wala hakuombwa maoni wakati kamati inanunua kamera.

Ujumbe wa sauti wa dakika kumi unakula MB moja au mbili. Mahubiri yakifupishwa kuwa dakika kumi za sauti safi, yakatumwa kwenye chaneli Jumapili jioni, yatafika Sigino, Galapo na Dareda kwa gharama ya pipi. Simu ndogo inayaweza. Mama anasikiliza huku akichambua maharage, tena na jirani asiye na simu akisikia.

Sauti ina faida nyingine ambayo Babati ingeifaidi kuliko miji mingi. Mji huu ni wa Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wabarbaig, na wengine walioletwa na barabara kuu. Wapo bibi ambao Kiswahili cha mimbari wanakisikia nusu. Tangazo la dakika tatu kwa Kiiraqw au Kigorowa, likisomwa na mzee anayeheshimika, linamfikia mtu ambaye maandishi hayajamfikia maisha yake yote. Kifaa kinachohitajika ni simu na chumba kisicho na kelele.

Kuhusu video, kipaumbele ningekipa kwaya. Zabron Singers walitokea Kahama, mji ambao hauna studio za Dar es Salaam, na wimbo wao "Mkono wa Bwana" umetazamwa na mamilioni YouTube, Kenya ukaimbwa kama ni wa kwao. Wimbo mmoja uliorekodiwa vizuri mara mbili kwa mwaka unazidi ibada hamsini zilizorushwa kwa kamera inayotikisika na sauti ya mwangwi wa bati.

Uvumi, klipu na idadi ya watazamaji

Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Babati iko kwenye barabara ya kwenda Katesh, na baadhi ya majeruhi waliletwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara. Siku kama ile kila simu inaungua, kila mtu ana ndugu anayemtafuta. Kanisa linasaidia likisema machache yaliyothibitishwa: misaada inapokelewa wapi, inahitajika mablanketi au unga, nani anaandikisha, ibada ya kuwaombea marehemu ni saa ngapi. Picha ya maiti ni ya familia yake. Hairushwi, hata na mtu anayelia.

Ujumbe ukifika na alama ya mishale miwili, WhatsApp inakuambia umeshafowadiwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 unaweza kuupeleka kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati. Iwe dalili ya kusimama na kuuliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamtia hatiani anayechapisha taarifa akijua ni za uongo kwa nia ya kudhalilisha, kutishia au kupotosha, na faini yake haipungui shilingi milioni 5. Kanisa linalotaka kurusha vipindi kama televisheni ya mtandaoni liulize kwanza masharti ya leseni. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha.

Tamko la kanisa nalo liwe na sura ya tamko. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilipotoa waraka kuhusu wimbi jipya la corona, wakati ambao kulitaja gonjwa hilo hadharani kulihitaji moyo, waraka ule ulisambaa kwenye simu. Uliweza kuaminiwa kwa sababu ulijulikana umetoka kwa nani na umeandikwa lini. Ujumbe usio na jina, tarehe wala namba ya kupiga hauwezi kutetewa, hata ukiwa kweli.

Na idadi ya watazamaji isimpumbaze mtu. Mafundisho ya mhubiri Paul Mackenzie wa Malindi, Kenya, yalikuwa yakienea kwa televisheni na YouTube miaka kadhaa kabla ya Aprili 2023, pale msitu wa Shakahola ulipoanza kufukuliwa na miili zaidi ya 400 ya wafuasi wake kupatikana. Mackenzie amekana mashtaka na mahakama ina kazi yake. Sisi tulio nje tunaweza angalau kukubaliana kwamba mtu mwenye watazamaji wengi anahitaji wazee wa kumuuliza maswali kuliko mwenye wachache.

Funguo zikae wapi

Ukurasa wa kanisa mara nyingi hufunguliwa na kijana mmoja kwa namba yake. Anapata kazi Geita, au anakosana na mchungaji, na ukurasa unaondoka naye. Kwa hiyo namba iliyosajili akaunti iwe laini ya kanisa, na nywila, yaani maneno ya siri ya kuingilia, zikae kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la ofisi, zikibadilishwa kila uongozi unapobadilika. Admini wawe watatu. Kijana aliyefanya kazi hiyo ashukuriwe ibadani kwa jina, maana ni huduma kama kupiga kinanda.

Redio Sauti ya Injili ilichukuliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977, na kazi ya miaka kumi na minne ikakatika. Mitandao nayo ina wenye nayo, na swichi haiko mikononi mwetu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikarudi baada ya siku kadhaa. Kanisa ambalo mawasiliano yake yote yalikuwa WhatsApp lilijikuta halijui limpate nani wala kwa njia gani.

Kwa sababu hiyo kila jumuiya iwe na daftari la karatasi, linalotunzwa na mwenyekiti na kuhakikiwa mara mbili kwa mwaka: jina la kaya, namba ya simu ya kawaida, mtaa, na jirani wa kupitia kwake. Mgawanye kaya kwa watu watano watano, kila kundi na mtu wake wa kulipitia kwa miguu. Jaribuni Jumamosi moja bila kutangaza: ujumbe utoke ofisini saa tatu asubuhi, muone kaya ya mwisho kule Mutuka inaupata saa ngapi.